Siku ya Arobaini na Moja

"Umepangiwa siku," alisema Verlyn Haugstad, na ukumbi wa chakula wa shule ya Hesper ukatulia hadi birika la kahawa likasikika likikoroma. "Kamati iliusikiliza mswada wetu juzi, ikaujadili, kisha ikaupangia siku. Siku ya arobaini na moja."

Aliyasema hayo kwa sauti ile ile aliyoitumia miaka thelathini, akiwa fundi wa umeme, kuwaambia watu kwamba umeme utarudi kabla ya chakula cha jioni. Kwa kuwa umeme ulikuwa ukirudi kweli, walimwamini na hili.

Kila Jumamosi katika msimu wa bunge, wabunge wetu hurudi makwao na kuketi mbele ya watu waliowatuma, wakahojiwa huku wenye maswali wakila mikate ya mdalasini. Jukwaa hakuna. Kuna meza ya plastiki na kiti kinachoyumba, na mbunge anayekikalia bila kukiwekea karatasi chini ya mguu tunamhesabu kuwa jasiri. Verlyn alikuwa amekikalia kwa Jumamosi ya tatu tu. Mbunge wetu wa zamani alikuwa amejiuzulu Januari akahamia Arizona kwa ajili ya magoti yake. Gavana akatafuta wa kujaza nafasi, na kila aliyepigiwa simu alikuwa na ng'ombe anayekaribia kuzaa. Verlyn simu ilimkuta juu ya ngazi, akibadilisha taa ya ghalani, mkono mmoja umeshika waya. Alisema ndiyo ili ateremke.

"Ndiyo lini hiyo, siku ya arobaini na moja?" aliuliza Ardis Kjelstad.

Alikuwa mstari wa mbele, mjane wa miaka sabini na minane, kofia ya sufu imemfika kwenye nyusi. Haki ya kuuliza alikuwa nayo kuliko wote. Bomba la kampuni lilikuwa limeshachorwa kwenye ramani likipasua shamba lake katikati, na kwa sheria ilivyokuwa, kampuni ingeweza kwenda mahakamani ikaichukua njia hiyo, Ardis atake asitake.

"Bunge linakaa siku arobaini, Bi Ardis. Nadhani hiyo ni ya kufungia. Wametuweka mwisho, mahali pa heshima."

"Mahali pa heshima," alidakia Gaylen Roth kutoka nyuma, mdomo umejaa mkate. "Verlyn, wewe hata kwenye harusi yako mwenyewe ulikaa karibu na mlango."

Watu wakacheka, Verlyn akiwa wa kwanza. Gaylen ni mkulima wa mahindi. Asubuhi na alasiri huendesha basi la shule, na katikati hapo hubishana. Yeye bomba alilitaka. Lilikuwa la kukusanya hewa chafu inayotoka kwenye viwanda vinavyogeuza mahindi kuwa mafuta ya gari, liipeleke jimbo la jirani ikazikwe chini kabisa ya miamba. Viwanda vikipona, bei ya mahindi nayo inapona.

"Tuambie basi uko upande gani," Gaylen aliendelea. "Mapanga ya upepo, yale ya kuzalisha umeme, unayataka. Umeyaruhusu matatu kwenye malisho yako, yanageuka usiku kucha kama wazee waliokosa usingizi. Nyasi za asili hutaki zilimwe. Nyaya za umeme umezitandaza mwenyewe kaunti nzima. Bomba ndilo hulitaki. Sasa wewe ni mtu wa mazingira, au ni mtu wa nini?"

"Bomba silikatai."

"Hulikatai?"

"Lipite. Lakini lipige hodi. Mwenye shamba akisema karibu, lipite. Akisema hapana, lizunguke. Gaylen, hakuna nguzo hata moja niliyoisimamisha kwenye shamba la mtu kabla sijaketi jikoni kwake. Ya kwako ilinichukua vikao vinne."

"Vitano. Na ukamaliza pai yote."

"Ulikuwa unaongea wewe. Mtu angefanya nini?"

Ndivyo tulivyouita: Mswada wa Hodi. Kwenye karatasi za bunge ulikuwa na namba na jina refu la kumchosha farasi, lakini maana yake ilikuwa hiyo tu. Na Verlyn hakuitoa kitabuni. Ushirika wetu wa umeme ulipoleta nyaya, upepo wa Hesper ulikuwa umeshazoea kupita popote unapotaka. Ni upepo ambao Jumapili moja ulimvua mchungaji Tollefson miwani mlangoni mwa kanisa, ukamrudishia Jumanne ikiwa imesafishwa. Watu wanaoishi na upepo wa namna hiyo hawataki kitu kingine kinachoingia bila kuuliza. Verlyn alilijua hilo, akavua kofia kwenye kila mlango.

"Basi tutakuja," Ardis alisema akisimama. "Siku hiyo ya arobaini na moja. Wote. Gaylen ataendesha."

"Nani kasema?"

"Mimi. Bomba unalitaka, basi unalo. Kila mtu aje na alichonacho."

Kina mama wa kanisa wakasema watashona viraka vya kubandika kifuani, 41 kwa uzi mwekundu, ili wabunge wajue ni nani wamekuja. Verlyn akarudi makao makuu ya jimbo siku ya pili yake, njia nzima akipiga mluzi.

Bungeni kiti chake kilikuwa kando ya kiti cha Colette Mardian, wakili kutoka mji mkubwa wa mashariki, chama kingine kabisa, mwanamke mwenye miwani miwili: ya kusomea puani, ya kuonea kichwani. Jumatatu asubuhi Verlyn alimwambia kwamba Hesper itajaza basi.

"Siku gani?"

"Ya arobaini na moja."

Colette akavua miwani ya puani. "Verlyn. Bunge hili lina siku ngapi?"

"Arobaini."

"Haya. Sasa hesabu polepole."

Verlyn akahesabu. Wanaomfahamu wanasema uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyefika juu ya nguzo akakumbuka kwamba swichi kuu hakuizima.

"Ndivyo tunavyozika hapa," Colette alisema kwa upole. "Hatusemi mswada umekufa. Tunaupangia siku isiyokuwepo. Ni adabu tu."

"Na mimi nimewaambia watu waje."

"Umewaalika mazishini, rafiki yangu. Na kaburi halionekani."

Kiti cha nyuma yao kilikuwa cha Royce Vandermeer, mfanyabiashara wa nafaka, mwenyekiti wa kamati iliyouzika mswada. Alisikia yote. Kufika chakula cha mchana jengo zima lilikuwa linamwita Verlyn "Bwana Arobaini na Moja". Mimi namheshimu mtu anayejua kuikuza hadithi, na Royce anajua: saa sita msafara wa Hesper ulikuwa basi moja, saa nane ulikuwa mabasi matatu na bendi ya shule, na jioni mbele ya bendi alitembea ng'ombe dume aliyevaa tai.

Verlyn alikula supu yake ya maharage na pilipili, akamaliza, akafuta mdomo.

Ijumaa mchana bunge lilipopumzika aliendesha gari moja kwa moja hadi kwa Ardis. Katika kazi yake hakuwahi kumtangazia mtu kwa simu kwamba umeme wake hautarudi upesi. Alikwenda mwenyewe akasimama uani.

"Ingia ufunge mlango," Ardis alisema. "Unapasha moto kaunti nzima."

Meza ya jikoni ilikuwa imejaa viraka. Ardis alikuwa na sindano mkononi na kofia yake kichwani, ndani ya nyumba.

"Bi Ardis, nimewapotosha."

Akamweleza. Ardis hakuacha kushona.

"Kwa hiyo siku yenyewe haipo."

"Haipo."

"Na mswada?"

"Umezikwa humo."

"Unafukuliwa vipi?"

"Kuna kanuni moja. Wanaiita moshi. Theluthi ya wabunge wakisimama kwa miguu yao wakaudai, kamati lazima iutoe, kama nyuki wanavyofukizwa kwenye mzinga. Wanatakiwa ishirini na wanne. Mpaka sasa ninao wawili."

"Nani na nani?"

"Mimi. Na jamaa mmoja wa kule magharibi ambaye husimama kila mara kwa sababu mgongo unamuuma."

Ardis akakata uzi kwa meno. Nje ya dirisha lake shamba lilikuwa jeupe hadi mbinguni. Mumewe aliwahi kulilima kwa trekta lisilo na paa, na kabla yake baba yake Ardis kwa farasi, na hapakuwa na jiwe ndani yake ambalo mmoja wao hakulibeba.

"Mimi sina ugomvi na bomba," alisema. "Huenda ningekubali, sijui. Lakini yule kijana wao alipokuja mwaka jana hakuniuliza. Alinijulisha. Nimezaliwa katika chumba kile pale, Verlyn, na nikajulishwa."

"Najua."

"Viraka nimeshashona thelathini. Sivifumui. Watu wa mkutano wa kesho utawaambia wewe, au niwaambie mimi?"

"Nitawaambia mwenyewe."

Na kesho yake akawaambia, akiwa amesimama, kiti kinachoyumba kikiwa tupu nyuma yake. Hakumtaja Royce wala hakulaumu kanuni. Alisema hakujua, na alipaswa kuuliza, na hakuuliza kwa sababu alifurahi mno. Watu wakamtazama Gaylen na mdomo wake.

"Tatizo," Gaylen alisema, "basi nimeshaliosha."

"Samahani, Gaylen."

"Sijamaliza. Februari, bwana. Nimeliosha kwa maji ya ndoo yaliyokuwa yanaganda mkononi." Akajikuna shingo. "Mimi bomba nalitaka, hakuna asiyejua. Lakini nasikia kule wanamcheka mtu wa Hesper. Nataka niwepo. Wale hata kumcheka Verlyn vizuri hawajui. Wewe tutajie siku iliyopo, sisi tutakuja."

Hivyo Verlyn akarudi bungeni na kuanza kazi aliyoijua. Alikwenda kutoka meza hadi meza, kama alivyokuwa akienda kutoka jikoni hadi jikoni. Alivua kofia. Aliuliza habari za watoto na za theluji, akasikiliza majibu. Kisha akasema anachotaka, mara moja, kwa maneno machache, akanyamaza. Aliyekataa alishukuriwa. Kurudia kuomba siku hiyo hiyo hakufanya. Katika nguzo zake alijifunza kwamba mtu aliyesema hapana asubuhi akiachwa apumue, mara nyingine hukuita mwenyewe ukiwa umeshafika kwenye gari.

"Kwetu mjini watu wanalitaka bomba," Colette alimwambia zamu yake ilipofika. "Wanataka hewa safi. Na mimi pia."

"Na mimi pia," Verlyn alisema.

"Nikisimama watasema nimesimama na wakulima dhidi ya hewa."

"Huenda wakasema hivyo."

Colette akangoja aendelee. Hakuendelea.

"Huwa unaomba hivi hivi?" aliuliza.

"Nimeshaomba."

Siku aliyowatajia watu wa Hesper ilikuwa Jumanne. Usiku wake theluji ilikuwa imefunga barabara, na Hesper ni mwendo wa saa tatu kutoka makao makuu, kando ya Mto Missouri, hali ya hewa ikiwa nzuri. Verlyn aliketi akitazama roshani ya wageni juu ya ukumbi. Ilikuwa na mwanafunzi mmoja na mzee aliyesinzia. Maombi ya kufungua kikao yakasomwa, wakaitwa majina, roshani ikabaki vile vile. Kila alipouhesabu ukumbi alipata watu kumi na tisa wa kusimama naye, ishirini akijidanganya.

Kisha mlango wa juu ukafunguliwa, wakaingia.

Waliingia na mabuti yenye theluji na makoti ya kazi, Ardis mbele, wakajaza mstari wa kwanza, wa pili, wa tatu. Gaylen baadaye alidai kwamba upepo ulilinyanyua basi karibu na daraja ukaliweka upande wa pili wa lundo la theluji, na kwamba yeye alishika usukani kwa heshima tu. Lililo kweli ni kwamba waliondoka alfajiri, na kwamba mahali pawili walishuka wote, bibi kwa babu, wakachimba kwa sepetu. Kifuani kila mmoja alikuwa na kiraka: 41, kwa uzi mwekundu.

Kicheko kikaanza chini. Kikapita kutoka kiti hadi kiti, na Royce akageuka kukiongoza. Lakini kicheko kinahitaji mtu wa kuona haya, na kule juu hakuwepo. Walikaa wima. Siku ambayo haikuwepo walikuwa wameivaa kifuani kama medali, na kadiri wabunge walivyotazama ndivyo kicheko kilivyokosa pa kukaa, hadi kikaisha chenyewe.

Kwenye roshani hairuhusiwi kusema wala kupiga makofi. Verlyn aliinua macho. Gaylen, mikono juu ya ukingo wa mbao, aliinua kidole kimoja, kile cha shahada, kidogo tu, kama tunavyosalimiana tukipishana kwa magari barabarani. Kisha yule wa pembeni yake. Kisha mstari mzima.

"Mheshimiwa Spika," Verlyn alisema, akasimama. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayepiga hodi. "Naomba mswada wetu utolewe kwenye kamati. Naomba wanaoniunga mkono wasimame."

Mwenye mgongo akasimama. Wakasimama wafugaji wa magharibi, viti vikilia kimoja baada ya kingine. Akasimama mwalimu mstaafu wa kaskazini aliyekuwa amemkatalia mara mbili. Karani alikuwa akihesabu kwa kalamu hewani. Kalamu ikaenda, ikaenda, ikasita. Ishirini na watatu.

Mimi ningeweza kuwaambia kwamba saa ya ukutani ilisimama, lakini saa ile haijawahi kwenda.

Colette Mardian alivua miwani ya puani, akaikunja, akaiweka juu ya meza. "Watu wangu wanataka bomba," alisema kwa sauti ya kawaida, kama anazungumza na meza. "Hakuna hata mmoja aliyeniambia lipite bila hodi." Akasimama.

Kule juu hakuna aliyepiga makofi. Ardis alivua kofia yake ya sufu, jambo ambalo wengi wetu hatujaliona tena.

Ndipo Royce Vandermeer alipojiinua, taratibu, akiguna kama gunia linaloburutwa.

"Mwenyekiti, umechelewa," Verlyn alimwambia. "Wametimia."

"Najua kuhesabu," Royce alisema. "Nimeuzika mimi. Lazima niwepo ukifufuka."

Yaliyofuata yamo kwenye magazeti. Mswada ulifika ukumbini, ukapita kwa tofauti ndogo. Ukaenda baraza la juu, ukapigwa, ukachubuliwa, ukapoteza vifungu viwili, ukapita tena. Na gavana akautia sahihi siku ya mvua bila kutabasamu. Kampuni inaweza kununua njia, inaweza kuiomba, inaweza kurudi kuiomba tena. Kuichukua haiwezi.

Mwezi wa nne Verlyn alikuwa uani kwa Ardis akimfungia taa mpya ya ghala, maana ubunge kwetu ukiisha msimu mtu hurudi kwenye ngazi yake. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mifereji tu, mistari myeupe juu ya udongo mweusi. Ardis alikuwa amemshikia ngazi, glavu mikononi, na alikuwa akimweleza jinsi ya kufunga taa.

Gari la kampuni likaingia kutoka barabarani. Halikuja hadi uani. Lilisimama nje ya lango, na akateremka yule kijana wa mwaka jana, viatu vyake vizuri vikazama kwenye tope hadi kwenye kamba. Akalishika lango, hakulifungua.

"Bi Kjelstad," aliita. "Habari za asubuhi. Nilikuwa naomba kuzungumza nawe kuhusu njia ya bomba. Kama una nafasi. Kama sivyo, naweza kuja siku nyingine."

Ardis hakugeuka upesi.

"Anakuomba," Verlyn alisema kutoka juu.

"Nina masikio."

"Utamwambia nini?"

"Wewe ndiye mbunge. Ungemwambia nini?"

"Mimi yangu nimeshasema. Shamba ni lako."

Ardis akaiachia ngazi. Alilitazama shamba lake kuanzia kwenye ghala hadi mahali linapokutana na anga, kwa urefu wote ambao bomba lingepita, na hakuna aliyemharakisha. Juu yake bata bukini walikuwa wanarudi kaskazini kutoka mtoni, mistari mirefu iliyopinda, wakipiga kelele zao. Aliwasindikiza kwa macho hadi wa mwisho akapotea. Kijana alikuwa bado amesimama palepale, kwenye tope, mkono juu ya lango.

Ardis akavua glavu ya mkono mmoja, kidole kwa kidole, akaitia mfukoni. Kisha akaanza kuvua ya pili, akitembea kuelekea langoni.